Musa bin Maymun na aya za kuonekana kwa Mungu

Ndugu msomaji, mtoto akishajua kuinua mikono kuomba dua, hachelewi kumuuliza mzazi wake iwapo Mwenyezi Mungu ana uso, na iwapo anaonekana. Swali hilo si jipya, wala halikuanza kwetu. Leo tunasimulia maisha ya mwanachuoni wa Kiyahudi aliyelishughulikia kwa miaka mingi, akaliandikia kitabu kwa lugha ya Kiarabu akiwa anaishi miongoni mwa Waislamu. Tunalo la kujifunza katika alipopatia, na pia katika pale wenzake walipomwambia kuwa amevuka mpaka.

Musa bin Maymun, ambaye watu wa Ulaya humwita Maimonides, alizaliwa Cordoba, Andalusia, yapata mwaka 1138. Baba yake alikuwa hakimu wa Mayahudi wa mji huo. Mwaka 1148 mji ulitekwa na dola ya Muwahhidun, iliyowaondolea watu wa dhima himaya waliyokuwa nayo tangu zamani. Familia ikahama, ikakaa kwa muda Fez, ikafika Akka mwaka 1165, na hatimaye ikatua Fustat nchini Misri. Huko aliishi kwa riziki ya nduguye Daud, mfanyabiashara wa vito. Daud akazama katika Bahari ya Hindi, na mali yake ikapotea pamoja naye. Musa akalala kitandani kwa huzuni muda wa karibu mwaka mzima. Aliponyanyuka, akaufanya utabibu kuwa kazi yake. Al-Qadhi al-Fadhil, waziri wa Sultani Salahuddin, akampa ulezi wake, na baadaye Musa akamtibu al-Afdhal, mwana wa Sultani. Hivyo ndivyo Mwenyezi Mungu anavyogeuza hali za waja Wake.

Pamoja na shughuli hizo, kulikuwa na jambo lililomkera. Katika Taurati iliyomo mikononi mwa Mayahudi zimo habari nyingi ambazo dhahiri yake ni kwamba Mungu alionekana. Alimtokea Ibrahim (a.s.) penye mialoni ya Mamre, na mara watu watatu wakawa wamesimama mbele yake. Yaakub (a.s.) alishindana mieleka na mtu hadi alfajiri, kisha akasema kuwa amemwona Mungu. Wazee sabini wa Israili walipanda mlimani pamoja na Musa (a.s.), wakamwona Mungu, na chini ya miguu Yake pakawa kama sakafu ya yakuti. Msomi aliyeamini kwa akili yake kuwa Muumba hana mwili alifadhaika: aiache akili au akiache Kitabu?

Kwa ajili ya mtu wa namna hiyo aliandika Dalalatul Hairin, yaani mwongozo wa waliotatizika, uliokamilika yapata mwaka 1190. Sehemu kubwa ya juzuu ya kwanza ni uchambuzi wa maneno. Kuona, alieleza, ni kwa jicho na pia ni kwa moyo ufahamuo. Kushuka si lazima kuwe kwa mwili, kwani hata wahyi husemwa umeshuka. Musa (a.s.) alipoambiwa kuwa ataona mgongo wa Mungu wala si uso Wake, maana yake ni kuwa atazijua athari za matendo Yake, ama dhati Yake haidirikiwi na kiumbe. Habari za Mamre na za mieleka ya Yaakub alizihesabu kuwa ni njozi za utume, si tukio la macho. Ama wale wazee, aliwalaumu kwamba waliharakia jambo kubwa kabla ya kujiandaa, fahamu zao zikachanganyika na sura ya viwiliwili.

Si wote waliokubali. Nahmanides wa Girona, aliyefariki mwaka 1270, aliuliza: ikiwa ya Mamre yote ni njozi, basi Sara hakukanda mikate wala hakucheka? Sisi Waislamu tunaamini kuwa wageni wale walikuwa malaika, walifika kweli, na chakula hawakukigusa.

Kubwa zaidi lilikuwa suala la hukumu. Katika kitabu chake cha sheria, Musa bin Maymun alimhesabu kuwa mzushi aliyetoka katika dini yeyote asemaye kuwa Mungu ni mmoja lakini ana mwili. Abraham ben David, mwanachuoni wa kusini mwa Ufaransa aliyefariki mwaka 1198, akampinga: vipi mtu aitwe mzushi, ilhali wako wabora kuliko mwandishi walioteleza hapo kwa sababu ya dhahiri ya maandiko? Hakuitetea itikadi hiyo. Alimtetea muumini aliyekosea kwa nia njema. Katika miaka ya 1230, Musa akiwa kaburini, Mayahudi wa Ufaransa na Hispania waligawanyika juu ya vitabu vyake hadi wakatengana wao kwa wao.

Ndugu zangu, sisi nasi tunazo aya zinazotaja mkono na uso. Wema waliotangulia waliziamini bila ya kuuliza vipi, na waliokuja baadaye wakazifanyia taawili. Wote wanakubaliana kuwa hakuna mfano Wake. Musa bin Maymun alishikilia kuwa jambo hili lisifichwe kwa watoto wala kwa wasiosoma, bali lifundishwe pamoja na tauhidi yenyewe. Hapo alipatia. Basi mzazi akiulizwa na mwanawe asimkaripie. Amwambie kuwa Mola wetu yupo, anasikia, anaona, wala hafanani na chochote. Na jirani anayekosea katika kueleza tusikimbilie kumkufurisha. Afundishwe kwa upole.

Musa bin Maymun alifariki Misri mwezi Desemba 1204. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na ndimi zisizo na haraka ya kuhukumu. Amin.