Mtakatifu Margareta Maria Alacoque na Picha ya Moyo

Picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu imetundikwa ukutani katika nyumba zetu nyingi. Macho yetu yameizoea; maana yake tujifunze kwa mtawa aliyeteseka kwa ajili yake.

Margareta Maria alizaliwa mwaka 1647 katika jimbo la Burgundy, Ufaransa. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka minane. Ndugu wakashika mamlaka ya nyumba, hata mama na binti wakawa kama wageni kwao wenyewe. Mwaka 1671 alijiunga na monasteri ya Maamkio ya Bikira Maria huko Paray-le-Monial.

Tarehe 27 Desemba 1673, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, yule aliyeegemea kifuani pa Bwana, Margareta alikuwa akisali mbele ya Ekaristi Takatifu. Hapo Yesu alimfunulia Moyo wake. Miali ya moto ilidhihirisha upendo usiozimika. Jeraha, mkuki wa Kalvari. Taji la miiba, dhambi zetu zinazouchoma. Msalaba uliosimikwa juu yake ulionyesha kwamba tangu alipotwaa mwili alikwisha kuyapokea mateso.

Wenzake wengi hawakumsadiki, na wanateolojia waliomhoji walidhani amedanganyika. Yeye hakushindana nao, alitii, akangoja. Mwaka 1675 alifika Padre Claude La Colombière, Mjesuiti, ambaye alimwamini na kumpa moyo.

Tarehe 20 Julai 1685 wanovisi aliowalea walitaka kumfanyia sherehe ya somo wake. Aliwaomba heshima hiyo wampe Moyo wa Yesu. Wakaweka altareni kipicha kilichochorwa kwa wino tu. Watawa wakubwa walikataa kuungana nao. Lakini Juni 1686, mmojawapo wa waliopinga ndiye aliyeiweka picha ya Moyo mahali pa sala ya pamoja, na monasteri nzima ikapiga magoti.

Margareta aliaga dunia tarehe 17 Oktoba 1690. Mwaka 1856 Papa Pius IX aliieneza sikukuu ya Moyo Mtakatifu katika Kanisa lote, na mwaka 1920 Papa Benedikto XV alimtangaza Margareta kuwa mtakatifu.

Ndugu mpendwa, leo jioni itazame tena picha iliyo ukutani kwako. Je, ubaridi wako katika sala, au neno ulilomchoma nalo jirani, si mwiba mmojawapo katika taji lile? Mtakatifu Margareta Maria, utuombee.