JOHN SNOW, MUNGANGA WA USINGIZI

Wengi wetu tunajua jina la John Snow juu ya kolera, maana njo yeye alionyesha katika London, mwaka 1854, kwamba ugonjwa ule unapita ndani ya maji. Leo tunaeleza kazi yake ingine: kulalisha wagonjwa wa kupasuliwa.

Alizaliwa York, Uingereza, tarehe 15 Machi 1813, mtoto wa kwanza katika nyumba ya watoto 9. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa mikono. Akiwa na miaka 14 alitumwa Newcastle kujifunza kazi kwa munganga mmoja, kiisha akaenda kusoma London.

Mbele ya mwaka 1846 mgonjwa alipasuliwa macho wazi, watu wakimushika kwa nguvu. Mwaka ule eteri ilianza Boston, Marekani, ikafika London upesi. Lakini wagonjwa wengine walilala, wengine hapana. Snow akatafuta sababu. Akaona kwamba hewa ya joto inabeba mvuke mwingi wa eteri, na hewa ya baridi inabeba kidogo. Basi akatengeneza chombo chenye maji ya kulinda joto, apate kujua kiasi anachotoa.

Mwaka 1847 ikaja kloroformu. Ilikuwa na harufu nzuri, ikalalisha mbio, na kitambaa tu kilitosha. Watu wakaikimbilia. Lakini Januari 1848, karibu na Newcastle, Hannah Greener wa miaka 15 alipewa hiyo dawa atolewe ukucha wa kidole cha muguu, akakufa kwa dakika chache. Snow akaeleza kwamba hatari ni mvuke kuingia mwingi kwa mara moja. Yeye mwenyewe aliona eteri haiui kirahisi, lakini alitumia zaidi kloroformu, sababu kazi yake ni nyepesi. Kwa hiyo aliipima kabisa. Mwaka 1853 alimupa malkia Victoria wakati wa kuzaa, kidogo kidogo, karibu saa moja.

Alikufa tarehe 16 Juni 1858, na miaka 45 tu, kwa ugonjwa wa kiharusi uliomushika akiandika kitabu juu ya kloroformu. Ndani yake alichunguza vifo 50, kimoja kimoja.

Siku hizi wapasuaji wanafungua mshipa mkubwa wa damu wa shingo ili kuzuia kiharusi. Wanachagua: kulalisha mgonjwa kabisa, ao kufisha ganzi shingo tu, yeye akiwa macho, wasikie kama angali anasema vizuri. Uchunguzi wa mwaka 2008 juu ya wagonjwa 3.526 ulihesabu waliopata kiharusi, ugonjwa wa moyo ao kifo katika siku 30: kwa usingizi 4,8 kwa mia, kwa ganzi 4,5. Ni karibu sawasawa. Basi munganga anamutazama kila mgonjwa na hali yake, na kuzungumza naye mbele ya kuchagua.

Wanafunzi wenzetu, tunaona kwamba dawa nzuri peke yake haitoshi. Anayeitoa lazima ajue kiasi, na aulize sababu kila mara mambo yanapoharibika.