Hayati Profesa Hubert Kairuki: Mbegu Iliyopandwa Mikocheni

Kurasa nyingi za kitabu hiki zimetengwa kwa ajili ya watumishi wa usharika wetu waliotutangulia. Hata hivyo, haifai kuadhimisha miaka mia moja ya kuishi katika jiji hili pasipo kuwakumbuka majirani ambao kazi yao imewafaa watu wa madhehebu yote. Mmoja wao ni hayati Profesa Hubert Kairuki, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi.

Asili yake ilikuwa Mkoa wa Kagera. Alifundisha udaktari Muhimbili, mahali ambapo mafunzo hayo yalianza mwaka 1963 na ambapo kwa miaka mingi palikuwa chemchemi pekee ya shahada ya udaktari nchini. Wakati huo watu walikuwa wakiongezeka upesi. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji wa Dar es Salaam na watu wapatao 273,000. Ile ya mwaka 1988 iliukuta na zaidi ya milioni moja. Akina mama waliohitaji kujifungua salama waliongezeka kuliko madaktari na wauguzi waliokuwapo.

Mwaka 1987 Profesa Kairuki na mkewe, Mama Kokushubila Kairuki, walianzisha Hospitali ya Misheni Mikocheni, Wilaya ya Kinondoni. Wakati wenyewe haukuwa mwepesi. Sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imezuia huduma binafsi za tiba zilizoendeshwa kwa faida, na zuio hilo halikulegezwa hadi mwaka 1991. Mtu mwenye cheo na heshima kama yake angeweza kutulia katika ajira yake na kungojea kustaafu. Yeye alichagua njia yenye mashaka, akaishirikisha na nyumba yake.

Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1995 yalipofungua mlango kwa vyuo vikuu visivyo vya Serikali, familia hiyo ilipiga hatua ya pili. Mwaka 1997 ilianzisha Mikocheni chuo kikuu cha kimataifa cha sayansi za afya, kando ya hospitali, ili wanafunzi wajifunze penye wagonjwa. Ni mwaka huohuo ambapo Kanisa letu nalo lilianza kufundisha madaktari huko KCMC, Moshi, chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini. Hivyo Kanisa na familia moja walijitwika mzigo wa aina moja kwa wakati mmoja.

Tarehe 6 Februari 1999 Profesa Kairuki aliitwa na Bwana. Masomo ya udaktari huchukua miaka mitano, na chuo chake kilikuwa hakijatimiza miwili. Kama Musa juu ya mlima Nebo, aliiona nchi kwa mbali. Hakujaliwa kumvika joho daktari hata mmoja wa chuo hicho.

Hapo ndipo familia ilipopimwa. Tunajua sote jinsi mauti ya baba yanavyoweza kuwa mwanzo wa kugawana viwanja na kufikishana mahakamani. Mjane na watoto waliiendeleza kazi. Mwaka huohuo chuo kilipewa jina la Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, na mwaka 2000 kikapata ithibati kamili, cha kwanza miongoni mwa vyuo vikuu binafsi nchini. Baadaye hospitali nayo ikaitwa kwa jina lake.

Yafaa msomaji aliangalie hilo. Mwasisi alipokuwa hai, hospitali na chuo vyote viliitwa kwa jina la Mikocheni, mahali pa majirani zake. Jina la Kairuki liliwekwa na waliobaki, baada ya yeye kulala. Kazi ilitangulia, jina likafuata.

Usharika wetu unapoingia karne ya pili, mbele ya wageni wetu wa Dayosisi, maisha haya yanatuuliza swali katika nyumba zetu. Wengi tumejaliwa ardhi, elimu na watoto. Je, tumeanza kitu ambacho watoto wetu watapenda kukiendeleza kuliko kukigawana? Na je, tuko tayari kukipanda hata kama mavuno yatavunwa na wengine?

Mungu na atupe moyo huo, naye aendelee kuibariki kazi ya Mikocheni.