Lev Shubnikov: Mwanafizikia aliyefichua siri ya sumaku na fuwele

Mashine nyingi za MRI, zinazopiga picha za ndani ya mwili wa mgonjwa, iwe Durban, Nairobi au Dar es Salaam, hutumia sumaku zenye nguvu kubwa ajabu. Mmoja wa walioweka msingi wa sumaku hizo aliuawa na serikali ya nchi yake mwaka 1937.

Lev Vasilyevich Shubnikov alizaliwa tarehe 29 Septemba 1901 mjini St Petersburg, Urusi. Mwaka 1921, akiwa mwanafunzi, alisafiri kwa mashua katika Ghuba ya Finland na kujikuta ng'ambo ya mpaka. Aliishi kwa muda nchini Ujerumani, kisha akarejea nyumbani na kuhitimu masomo mwaka 1926. Huko ndiko alikojifunza kazi ya subira: kukuza fuwele za metali zisizo na dosari.

Ujuzi huo ulimfikisha Leiden, Uholanzi. Katika mji huo, mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes alikuwa amegundua kwamba zebaki ikipozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri hupoteza kabisa ukinzani wake wa umeme. Vitu vya namna hiyo huitwa supakondakta. Onnes alitumaini kutengeneza sumaku zenye nguvu kwa nyaya za aina hiyo, lakini matumaini yake yalivunjika: uga wa sumaku, hata usiokuwa mkali sana, uliiondoa sifa hiyo na ukinzani ukarejea.

Shubnikov alifanya kazi Leiden na Wander de Haas hadi mwaka 1930. Kisha yeye na mkewe, mwanafizikia Olga Trapeznikova, walihamia Kharkov, Ukraine, ambako aliongoza maabara ya baridi kali.

Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba metali zilizochanganywa huvumilia uga mkali zaidi kuliko metali safi. Wanasayansi wengi walidhani sababu ni uchafu au mchanganyiko usiolingana. Shubnikov na wenzake waliichanganya risasi na thali, wakakuza fuwele moja moja, na kuzipasha moto kwa muda mrefu mpaka mchanganyiko ukawa sawa kila mahali. Ndipo walipozipoza na kuziweka ndani ya uga wa sumaku.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1936 na 1937, yalionyesha kwamba kuna mipaka miwili. Chini ya mpaka wa kwanza, fuwele huuzuia uga usiingie. Ukivukwa mpaka huo, uga huanza kupenya kidogo kidogo, lakini umeme huendelea kupita bila ukinzani. Ni baada ya mpaka wa pili, ulio juu zaidi, ndipo sifa hiyo hutoweka. Basi haukuwa uchafu. Hiyo ilikuwa aina ya pili ya supakondakta.

Hakupata nafasi ya kuendelea. Tarehe 6 Agosti 1937, wakati wa msako wa utawala wa Stalin, Shubnikov alikamatwa kwa tuhuma za uongo. Alipigwa risasi tarehe 10 Novemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 36. Mkewe alikuja kuelezwa kwamba alifariki mwaka 1945 kwa maradhi ya moyo. Ukweli ulijulikana miongo kadhaa baadaye.

Mwaka 1957 Shubnikov alisafishwa jina. Mwaka huo huo Alexei Abrikosov alichapisha nadharia iliyoeleza vipimo vya Kharkov: uga hupenya kwa nyuzi nyembamba zilizojipanga kwa utaratibu ndani ya supakondakta. Abrikosov alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Leo nyaya za niobi na titani, ambazo ni supakondakta za aina ya pili, huendesha sumaku za hospitali na za mtambo mkubwa wa CERN, karibu na Geneva. Hali ile iliyo kati ya mipaka miwili huitwa na wanafizikia awamu ya Shubnikov.