J. W. Gregory, karani aliyeusoma ufa wa Afrika

Kama uliingia Uganda kutoka Kongo kwa boti kupitia Ziwa Albert, ulivuka ufa mkubwa wa dunia. Jirani yako wa Lumino anayepanda basi Busia kwenda Nairobi naye huvuka ufa mwingine, pale Nakuru na Naivasha. Lumino yenyewe iko katikati, juu ya ardhi ya kale sana iliyo kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa. Mtu aliyeeleza vizuri jinsi tawi la mashariki lilivyotokea alianza maisha ya kazi kama karani wa sufu.

John Walter Gregory alizaliwa London mwaka 1864. Aliacha shule akiwa na miaka 15, mchana akawa karani na jioni akasoma sayansi. Mwaka 1887 aliajiriwa katika jumba la makumbusho la London.

Alikuja Afrika Mashariki na msafara mkubwa, lakini ukavunjika. Badala ya kurudi kwao, mwaka 1893 alitoka Mombasa kwa miguu pamoja na wapagazi wapatao 40, akafika Ziwa Baringo na kupanda Mlima Kenya hadi kwenye barafu. Wapagazi walibeba chakula, vifaa na mawe yake, ila ramani zetu hazina bonde lenye jina la mmoja wao.

Njiani alichunguza kuta za bonde. Hakuona dalili kwamba mto ndio uliolichimba. Ardhi ya katikati ilikuwa imezama kati ya mipasuko miwili. Chukua matofali matatu, uyabane pamoja kwa mikono, kisha legeza kidogo: la katikati litateremka. Eduard Suess wa Vienna alikuwa ameeleza mpasuko huo mwaka 1891 kutokana na ramani na taarifa za wasafiri, lakini Gregory aliuona kwa macho. Kitabu chake cha mwaka 1896 kililieneza jina la Bonde Kuu la Ufa.

Leo vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba bonde linapanuka kwa milimita chache kila mwaka. Hivyo ndivyo bara linavyoanza kugawanyika. Pwani ya Kenya ilishapitia hayo: Madagaska ilikuwa imeshikana na Afrika, ikaanza kujitenga miaka milioni 160 hivi iliyopita na kusogea kusini. Kwa hiyo Gregory alianza safari yake kwenye ukingo wa ufa wa zamani, akaenda kuutazama mpya. Cha ajabu, Alfred Wegener alipotangaza mwaka 1912 kwamba mabara husogea, Gregory hakukubali. Aliamini kwamba nchi zilizounganisha mabara zilizama baharini. Hapo alikosea.

Alikuwa profesa Melbourne kuanzia mwaka 1900, kisha Glasgow kuanzia 1904 hadi 1929. Mwaka 1908 alipewa kazi ambayo wasomaji wetu wataielewa haraka. Wayahudi wengi walikuwa wakikimbia mateso nchini Urusi, na shirika lililowatafutia makazi lilimtuma Cyrenaica, Libya ya leo, kukagua kama ardhi ingewatosha. Alirudi na jibu gumu: mvua hunyesha, lakini maji hupotea ndani ya mawe ya chokaa. Mpango ukaachwa. Aliyewahi kupanga foleni kisimani tangu alfajiri anajua kwa nini swali la maji lilitangulia mengine yote.

Hakuwa mtu wa kusifiwa kwa kila jambo. Mwaka 1925 alichapisha kitabu kilichotetea watu wa rangi tofauti waishi mbalimbali, yeye aliyefika Baringo kwa nguvu za mabega ya Waafrika.

Mwaka 1932, akiwa na miaka 68, alikwenda Peru kuchunguza milima ya Andes. Mtumbwi wake ulipinduka katika Mto Urubamba, akafa maji. Wanajiolojia bado huliita tawi la mashariki Ufa wa Gregory.