Barringer: Miaka 26 akitafuta chuma kilichotoka angani

Wanafunzi wangu hapa Nyamirambo wakisikia neno kreta, huwaza Nyiragongo. Si ajabu, kwani wengi wana mama au shangazi anayevuka kwenda Goma kufanya biashara. Mimi nilijua kuna aina nyingine ya shimo nikiwa mkimbizi shuleni Tanzania, pale mwalimu alipotueleza habari za kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. Baadaye, katika kusoma, nikakutana na maisha ya Daniel Moreau Barringer.

Alizaliwa mwaka 1860 mjini Raleigh, North Carolina, Marekani. Alihitimu Princeton akiwa na miaka 19, akasomea sheria, lakini kazi ya ofisini haikumtosha. Akageukia jiolojia na migodi, na mgodi wa fedha wa Commonwealth huko Arizona ukamtajirisha.

Mwaka 1902 alisikia habari za shimo kubwa katika jangwa la Arizona, lenye upana wa kilomita 1.2 na kina cha mita 170 hivi. Kandokando yake palikuwa na vipande vya chuma. Mtaalamu wa serikali, Grove Karl Gilbert, alikwisha kulichunguza mwaka 1891 na kuamua kuwa lilitokana na mlipuko wa mvuke wa volkano, maana milima ya volkano haiko mbali.

Barringer hakukubali. Mwaka 1903 yeye na mbia wake, Benjamin Tilghman, waliunda kampuni na kupata miliki ya eneo lile. Mwaka 1906 walichapisha ushahidi wao: mawe yalikuwa yamesagwa yakawa unga, vipande vya chuma vilikuwa vimechanganyika na vifusi, na ukingoni tabaka za miamba zilikuwa zimepinduka. Wataalamu wengi waliwapuuza.

Lakini Barringer alitaka pia mali. Aliona kuwa shimo kubwa lazima lina chuma kingi chini yake, akakadiria tani milioni 100. Wakachoronga katikati, wasipate kitu. Akahamia upande wa kusini, na huko mtambo ukakwama kwenye kina cha zaidi ya mita 400. Mali yake ikateketea, akawaendea wawekezaji wengine.

Mwaka 1929 viongozi wa kampuni waliingiwa na wasiwasi, wakamwomba mwanahisabati Forest Ray Moulton apige hesabu. Jibu lilikuwa chungu. Kitu kilichoanguka hakikuzidi tani 300,000, na kwa kuwa kilikuja kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde, sehemu kubwa iligeuka mvuke kwa joto la kugonga ardhi. Hapakuwa na hazina. Tarehe 30 Novemba 1929, siku chache baada ya ripoti ya pili ya Moulton, moyo wa Barringer ulisimama.

Kuhusu asili ya shimo, alikuwa sahihi. Mwaka 1960 Eugene Shoemaker na wenzake walithibitisha kwa madini yanayotokea chini ya shinikizo kubwa mno kwamba ni kimondo kilichoanguka miaka 50,000 hivi iliyopita. Leo shimo lina jina la Barringer, ukoo wake bado unalimiliki, na watalii hulipa kiingilio kuliona.

Mdogo wangu, mfanyabiashara wa Rusumo, aliwahi kunijia mara ya tatu akitaka mkopo wa kuendeleza shimo la madini. Fedha za kwanza zilitokana na ng'ombe ambao baba alirudi nao kutoka ukimbizini. Nilimsimulia habari hizi. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kwa nini hesabu ya karatasi ilikuja baada ya miaka 26 ya kuchimba. Nikampa kalamu, tukakaa mezani tukaanza kupiga ya kwetu.