Robert Koch: mtafiti wa Amani aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu

Ukitoka Muheza kupanda Amani unapita Sigi, kando ya mto ambao watu wa Tanga wanategemea maji yake. Mwaka 1905, huko juu Amani, katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, alikuwapo daktari mmoja wa miaka 61 mwenye miwani, akipasua mbung'o na papasi na kuwatazama kwa hadubini. Jina lake ni Robert Koch. Leo, mtu aliyeugua nimonia akiambiwa alete makohozi na arudi tena kupiga picha ya kifua, anapita katika njia ambayo Koch alikuwa mmoja wa walioifungua.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, nyumba yenye watoto wengi na baba anayefanya kazi za migodi. Alisoma udaktari, akawa daktari wa wilaya mahali ambapo leo ni Poland. Hakuwa na maabara wala chuo kikuu karibu. Alitenga sehemu ya nyumba yake, na hapo mwaka 1876 akaonyesha kwamba kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wetu bado wanaujua, unaletwa na kijidudu chake maalumu. Kwa wakati ule wengi waliamini magonjwa hutokana na hewa chafu au kurithiwa.

Tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya madaktari wa Berlin akawaonyesha kijidudu cha kifua kikuu. Ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani huwa tarehe hiyo. Kijidudu hicho ni kidogo, kinakua polepole na hakikubali rangi kirahisi. Alikipata kwa kujaribu tena na tena. Miaka miwili baadaye, katika mji huohuo wa Berlin, daktari Hans Christian Gram alikuwa akitazama mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia, akabuni njia ya kuvitia rangi vijidudu ambayo maabara zinaitumia mpaka leo.

Lakini Koch hakuwa malaika. Mwaka 1890 alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, na akaficha imetengenezwa kwa nini. Wagonjwa walimiminika Berlin kwa maelfu. Dawa haikuponya, na baadhi walikufa. Baadaye ilibaki kuwa kipimo cha kuchoma kwenye ngozi, si tiba.

Afrika Mashariki alikuja zaidi ya mara moja. Mwaka 1897 na 1898 alichunguza tauni upande wa Kagera na malaria huku kwetu, akafika pia Usambara Magharibi. Mwaka 1905 alionyesha kuwa vijidudu vya homa ya papasi hupita kutoka kwa papasi mama hadi kwenye mayai yake, kwa hiyo hata mdudu ambaye hajawahi kumuuma mgonjwa anaweza kuambukiza. Mwisho wa mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 akarudi, safari hii visiwa vya Ssese nchini Uganda, kutibu malale kwa dawa yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu. Alipoongeza dozi, baadhi yao walipofuka wasione tena. Watu hao majina yao hayakuandikwa kwenye mnara wowote, na mwandishi anayemsifu Koch bila kuwataja anasimulia nusu tu ya habari.

Sasa turudi kwenye picha. Eksirei iligunduliwa na Mjerumani mwingine, Wilhelm Röntgen, mwaka 1895. Kwenye picha ya kifua, pafu lenye hewa huonekana jeusi, na mahali nimonia ilipojaza usaha na maji huonekana doa jeupe. Ukimeza au kuchomwa dawa inayofaa, homa hushuka baada ya siku chache, lakini kikohozi na uchovu vinaweza kukaa wiki kadhaa, na doa kwenye picha huchelewa zaidi, hasa kwa wazee na wavutaji sigara. Ukipigwa picha ya pili baada ya wiki moja tu, huenda doa likawa palepale ukaogopa bure. Kwa sababu hiyo madaktari wengi husubiri kama wiki sita. Si kila mtu anahitaji picha hiyo: kijana aliyepona vizuri mara nyingi hahitaji, lakini mwenye zaidi ya miaka 50, mvuta sigara, au ambaye dalili hazijaisha, ni vema arudi.

Daktari anatafuta nini? Anataka kuona doa limeondoka. Likibaki, huenda kuna maji au usaha uliozunguka pafu, uvimbe uliojificha nyuma ya nimonia, au kifua kikuu. Picha peke yake haiwezi kutenganisha vizuri kifua kikuu na nimonia, kwa sababu vyote viwili huweka doa jeupe. Hapo ndipo makohozi yanapohitajika, ili kijidudu cha Koch kitafutwe chenyewe. Unapokwenda, beba picha ya zamani, maana mbili zikiwekwa pamoja zinasema zaidi ya moja. Mama mwenye ujauzito aseme kabla ya kupigwa.

Usisubiri wiki sita ikiwa homa imerudi, pumzi inabana, unakonda au unakohoa damu. Nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinapimwa kifua kikuu, hata kama ulishaambiwa ni nimonia. Katika vituo vya serikali nchini Tanzania kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, ndani ya taasisi inayoitwa kwa jina lake.